Jinsi ya kutangaza duka dogo la nguo mtandaoni kwa shilingi 100,000 kwa mwezi

Mtu anayetaka kununua nguo mtandaoni hapa Tanzania huwa na hofu tatu kabla hajatoa fedha yake: kwamba muuzaji ni tapeli, kwamba nguo haitamtosha, na kwamba kitakachomfikia si kile alichokiona kwenye picha. Hofu hizi zina msingi, kwa sababu wapo waliotuma fedha kwa namba ya simu kisha wakazuiwa wasiweze hata kuuliza, na wapo walioletewa gauni jepesi la kuonyesha mwili ilhali pichani lilikuwa zito na la heshima. Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja moja: mwenye fedha kidogo azitumie kwanza kuwaondolea hofu watu ambao tayari wanaliona duka lake, na ndipo alipie tangazo la kuwafikia wasiomjua. Anayeanza na tangazo la kulipia hupokea meseji nyingi za kuuliza bei, kisha waulizaji hupotea mmoja mmoja, naye hubaki akiamini kwamba wateja wa mtandaoni hawanunui.

Mfano nitakaoutumia ni wa duka la magauni, madera na mabaibui linaloendeshwa na mtu mmoja akiwa nyumbani kwake Dar es Salaam, ambaye hununua mzigo Kariakoo kwa bei ya jumla na hana fremu. Anayeuza mitumba, au fundi anayeshona vitenge kwa oda, anaweza kufuata njia ileile na kubadilisha machache.

Hatua ya 1: Jua faida ya nguo moja kabla ya kutangaza chochote

Chukua nguo moja na uandike kila shilingi iliyoingia ndani yake. Tuseme gauni umelinunua kwa shilingi 18,000. Nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo, ukiigawa kwa idadi ya nguo ulizobeba siku hiyo, inaongeza shilingi 500. Mfuko wa kufungashia ni shilingi 300. Makato ya kupokea na kutoa fedha kwenye simu ni shilingi 700. Na sehemu ya bando inayostahili kubebwa na gauni hilo ni shilingi 500. Gharama yako halisi ni shilingi 20,000, na ukiliuza kwa 30,000 umebaki na shilingi 10,000. Kiasi hicho ndicho mpaka wa kila uamuzi wa matangazo utakaoufanya, kwa maana kwamba njia yoyote inayokugharimu shilingi 10,000 kumpata mnunuzi mmoja imekula faida yote, hata kama maoni na alama za kupendwa zimejaa chini ya picha zako.

Shilingi 100,000 za mwezi ningezigawa hivi: 30,000 kwa bando, 30,000 kwa matangazo ya kulipia, 15,000 kwa vifungashio na vikadi vya karatasi, 15,000 kwa kamisheni ya watu wanaokuletea wateja, na 10,000 iwekwe pembeni kufidia nauli ya bodaboda pale mzigo unaporudi au nguo inapobadilishwa. Fungu hilo la mwisho wengi hawalitengi, na matokeo yake hugombana na mteja kwa sababu ya nauli ya shilingi 4,000, mteja ambaye angeweza kurudi mara nyingi ndani ya mwaka.

Hatua ya 2: Jina moja kila mahali, mpaka kwenye malipo

Chagua jina fupi linalotamkika, kisha ulitumie vilevile kwenye Instagram, TikTok, Facebook na WhatsApp Business. Hakikisha pia kwamba mteja akifikia hatua ya kulipa analiona jina hilohilo. Hapa ndipo mauzo mengi hufia: ukurasa una jina la duka, lakini anayelipa anaona jina la mtu asiyemfahamu kabisa, tena pengine ni namba ya shemeji yako. Mteja mwenye hofu husita hapohapo. Tafuta lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, inayoonyesha jina la biashara. Na kama bado hujaipata, andika wazi kwenye ukurasa ni jina gani litakalotokea wakati wa kulipa. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa na TRA (Mamlaka ya Mapato) bila malipo, na jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, hivyo hili lisikuogopeshe. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya ziada inayoombwa wakati wa kuingia, kwenye kila akaunti, kwa kuwa ukurasa ukiibwa unakuwa umepoteza duka zima.

Usinunue wafuasi. Ukurasa wenye wafuasi 20,000 na maoni mawili humwonya mteja makini kuliko ukurasa wenye wafuasi 300 walio hai.

Hatua ya 3: Piga picha zako mwenyewe

Wauzaji wa jumla Kariakoo hutoa picha nzuri za mzigo wao, na kishawishi cha kuzitumia ni kikubwa kwa sababu hazina gharama. Tatizo ni kwamba picha hiyohiyo wanayo wauzaji wengi walionunua kwenye duka lile, na mteja akishaiona kwenye kurasa tatu anachobaki nacho cha kulinganisha ni bei peke yake. Hapo utalazimika kushusha, na atakayeshinda ni mwenye mtaji mkubwa kuliko wako. Picha uliyoipiga wewe, ukutani kwako, nguo ikiwa mkononi mwako, inasema jambo moja ambalo picha ya jumla haiwezi kulisema: mzigo ninao.

Simu ya kawaida inatosha kabisa. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa sababu ukungu mwingi wa picha ni alama za vidole. Piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, ukiwa karibu na dirisha au kibarazani penye kivuli. Jua la saa saba mchana la Dar es Salaam hufifisha rangi na kutia vivuli vizito usoni na kwenye mikunjo. Taa ya chumbani izime, kwani mwanga wake wa njano hugeuza nyeupe kuwa maziwa na bluu bahari kuwa kijani. Tundika shuka jeupe lililopigwa pasi nyuma, na nguo nayo ipigwe pasi. Hili la pasi nalisisitiza, maana gauni la shilingi 45,000 likiwa na makunyanzi huonekana la shilingi 15,000.

Kwa kila nguo piga picha zisizopungua tano: ya mbele nguo ikiwa imevaliwa, ya nyuma, ya karibu ya kitambaa, ya mshono au zipu, na moja inayojibu swali ambalo wateja wengi huona haya kuliuliza, nalo ni kama kitambaa kinaonyesha. Ingiza mkono wako ndani ya gauni au baibui, uinyanyue nguo mbele ya dirisha lenye mwanga, kisha upige. Kama vidole havionekani, mteja amepata jibu kwa macho yake. Na kama vinaonekana, andika kwamba nguo hii inahitaji shumizi. Ukweli huo mdogo utakupunguzia nguo za kurudishwa, na wanawake wanaonunua mabaibui na magauni ya kanisani watauthamini zaidi kuliko punguzo lolote la bei.

Nguo ivaliwe na mtu inapowezekana. Mdogo wako, jirani au wewe mwenyewe mnatosha, na uso unaweza kukatwa kwenye picha kama aliyevaa hataki kuonekana. Taja urefu na saizi ya aliyevaa ili mnunuzi ajilinganishe naye. Kasoro nazo zipigwe picha, hasa kwa wauza mitumba: kitufe kilichokosekana, doa dogo karibu na pindo, uzi uliochomoka. Nguo yenye kasoro iliyotangazwa wazi huuzika kwa bei yake, lakini kasoro iliyofichwa ikagunduliwa nyumbani kwa mteja hukuharibia jina.

Hatua ya 4: Andika bei na vipimo

Desturi ya kuficha bei na kumwambia mteja aulize kwa meseji imeenea sana, na naipinga kwa moyo wote. Wanaoitetea husema kwamba meseji nyingi huupandisha ukurasa na kwamba mteja akishaanza kuongea ni rahisi kumshawishi. Kinachotokea ni kwamba mwenye haya haulizi, mwenye haraka anahamia kwa anayeandika bei, na wewe unatumia bando na saa zako kuwajibu watu ambao wasingeweza kununua tangu mwanzo. Tena mteja huhisi kwamba bei inategemea jinsi anavyoonekana kwenye picha yake ya WhatsApp, jambo linaloongeza hofu ileile tunayotaka kuiondoa.

Kuhusu vipimo, herufi za saizi hazina maana moja. XL ya nguo iliyotoka China huweza kumbana mtu anayevaa L ya Uturuki, na madera mengi huuzwa kwa saizi moja ya watu wote ilhali watu wote si saizi moja. Nunua futi ya fundi cherehani, laza nguo juu ya meza bila kuivuta, kisha pima kifua kutoka kwapa hadi kwapa na uzidishe mara mbili, halafu fanya hivyohivyo kwa kiuno na nyonga, na umalizie na urefu kutoka begani hadi kwenye pindo. Andika kwa inchi, kwa sababu ndicho kipimo ambacho mafundi wetu hutumia na ambacho wateja wengi wanacho vichwani kutokana na kushonesha. Eleza pia kama kitambaa kinavutika.

Maelezo yaliyokamilika yanaweza kusomeka hivi: “Gauni la krepu, rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu, zipu nyuma, lina bitana mpaka magotini. Kifua inchi 40, kiuno 34, nyonga 44, urefu 56. Kitambaa kinavutika kidogo. Aliyevaa ana urefu wa futi 5 na inchi 4. Bei shilingi 30,000. Yapo manne: moja la kifua 38, mawili ya 40, moja la 44. Tupo Tabata, Dar es Salaam. Mkoani tunatuma kwa basi. Lisipokutosha unabadilisha ndani ya siku 3.” Mteja akisoma hayo hana swali la lazima lililobaki, atakayeandika meseji ameshaamua nusu ya safari.

Hatua ya 5: Igeuze WhatsApp kuwa duka

Kwa biashara ndogo ya nguo, Instagram na TikTok ni mahali pa kuonekana, lakini mauzo hufungwa WhatsApp. Pakua WhatsApp Business, ambayo haina malipo, na tumia nyenzo zake zote. Panga nguo kwenye katalogi kwa makundi, kila moja ikiwa na bei. Andaa majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, kama vile namna ya kulipa, nauli za maeneo mbalimbali na utaratibu wa kubadilisha nguo. Weka lebo kwa kila mazungumzo: aliyeuliza, aliyelipa, aliyetumiwa, anayesubiri saizi. Lebo hii ya mwisho ina thamani kubwa, kwani mzigo mpya ukifika unawaandikia kwanza waliokuwa wakiusubiri, na hao hununua bila tangazo lolote.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) hubeba hadi watu 256, na meseji yako humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kuhifadhiwa namba ni jambo la kuombwa waziwazi. Weka kikadi kidogo ndani ya kila mfuko, chenye jina la duka, namba, namna ya kufua kitambaa husika, na ombi fupi kwamba akihifadhi namba hiyo atakuwa wa kwanza kuona mzigo mpya. Usiwatumie watu meseji kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, ikiwa na nguo mpya kweli.

Hali ya WhatsApp (status) hudumu saa 24, na wanaoitazama ni watu wanaokufahamu: wa ukoo, wa kazini, wa kikoba, wa kwaya, waliosoma nawe. Weka nguo tatu au nne badala ya thelathini, kwa sababu mtazamaji akiona vistari vingi juu ya skrini huruka vyote. Katika makundi ya kikoba au ya mtaa, omba ruhusa ya kiongozi wa kundi kwanza. Kutangaza nguo katikati ya taarifa za msiba ni kukosa adabu, na watu hawasahau.

Hatua ya 6: Wahudumie wanunuzi wa mwanzo kana kwamba ndio matangazo yenyewe

Uza kwanza kwa watu kumi au kumi na watano wasio ndugu zako wa karibu, na kila hatua ya huduma yao iwe ushahidi kwa wengine. Piga picha ya mfuko uliofungwa, piga picha ya risiti ya basi mzigo unapoondoka stendi ya Magufuli kwenda Dodoma au Mwanza, na mtumie mteja papo hapo pamoja na muda ambao basi linatarajiwa kufika. Akishapokea, muulize kwa upole kama imemtosha. Jibu lake, akiridhia, ndilo mrejesho utakaouweka kwenye ukurasa.

Neno “akiridhia” lizingatiwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasipo sheria, kumwanika mtu na namba yake ya simu ili upate wateja ni kumkosea. Funika jina, namba na picha yake ya wasifu, na kama amekutumia picha akiwa amevaa gauni lako, mwombe ruhusa kabla ya kuiweka hadharani.

Kwa wateja wa Dar es Salaam, kuruhusu malipo baada ya kupokea huondoa hofu ya utapeli kwa mara moja, lakini hukuweka wewe hatarini, kwa kuwa bodaboda akifika Mbagala na simu ya mteja haipokelewi, nauli ni yako. Njia ya kati ni kumwomba mteja atangulize nauli tu, na bei ya gauni ailipe akishalishika na kulijaribu. Anayekataa kutanguliza shilingi 5,000 kwa kawaida hakuwa mnunuzi. Unaweza pia kupanga siku za uelekeo mmoja, mathalani Jumanne Temeke na Mbagala, Alhamisi Mwenge mpaka Tegeta, na kukutana na wateja kwenye vituo vya mwendokasi vya Kimara au Morocco kwa gharama ndogo zaidi. Ratiba hiyo itangaze kila wiki, maana nayo inavuta wateja: mtu wa Tegeta akiona Alhamisi ni zamu yake hufanya uamuzi kabla siku haijapita.

Hatua ya 7: Video fupi, zenye maneno ambayo watu huyatafuta

TikTok na Instagram huweza kuipeleka video ya mtu asiye na wafuasi kwa watu wasiomjua, na hiyo ndiyo njia ya bure iliyobaki ya kuwafikia wageni. Video ya sekunde 15 hadi 30 yatosha, ianze na nguo yenyewe badala ya salamu ndefu. Zinazofaa ni zile zinazojibu hofu: gauni moja likivaliwa na wanawake watatu wa maumbo tofauti, dera likifuliwa na kuonyesha kwamba halichuji, kitambaa kikivutwa karibu na kamera, mzigo ukifunguliwa, oda ikifungwa huku ukitaja inakwenda mkoa gani. Ongea kwa sauti yako. Muuzaji anayesikika na kuonekana hudhaniwa tapeli kwa nadra kuliko aliyejificha nyuma ya muziki.

Watu sasa hutafuta nguo ndani ya TikTok na Instagram kwa kuandika wanachokitaka, kwa hiyo maelezo ya video yawe na maneno yao: “magauni ya sendoff Dar es Salaam”, “mabaibui ya bei nafuu Kariakoo”, “sare za kitchen party”. Video tatu nzuri kwa wiki zinakutosha, na zote unaweza kuzirekodi Jumapili moja asubuhi kabla nguo hazijakunjwa. Matangazo mubashara (live) yanafaa sana kwa mitumba, ambako kila nguo iko moja tu, ingawa kwa kawaida TikTok hutaka uwe umefikisha wafuasi 1,000 kwanza. Facebook usiidharau kwa kuwa vijana wameihama. Wanunuzi wengi wa mikoani na wa makamo bado wapo huko.

Hatua ya 8: Tumia watu walio karibu na mteja

Mshawishi mwenye wafuasi laki kadhaa hutoza fedha nyingi kuliko bajeti yako ya mwezi, na wafuasi wake wengi hawanunui gauni. Wapo watu wengine ambao mteja wako huwasikiliza akiwa tayari anafikiria mavazi: msusi wa saluni, mpambaji wa maharusi, mpiga picha, mshereheshaji, fundi cherehani. Tundika magauni mawili au matatu kwenye saluni yenye wateja wengi, yakiwa na kikadi cha bei na namba yako, na mwenye saluni apate shilingi 2,000 kwa kila linalouzwa. Mwanamke anayesukwa hukaa saa nne akilitazama. Hakuna tangazo la kulipia litakalokupa saa nne za macho ya mteja.

Kwa fundi cherehani mkubaliane bei maalumu ya kupunguza au kurefusha nguo za wateja wako, kisha uitangaze huduma hiyo. Hofu ya kutotosha hupungua sana mteja akijua kwamba pindo litarekebishwa kwa shilingi 3,000. Mpambaji naye hujua mapema ni harusi gani ina kamati inayotafuta sare, na oda moja ya sare za watu 30 inaweza kuzidi mauzo yako ya mwezi mzima. Kamisheni hizi zilipwe siku ileile. Ukichelewesha mara mbili, hawatakutaja tena.

Hatua ya 9: Sasa lipia tangazo

Ukifika hapa una picha zako, bei, vipimo, mrejesho wa watu halisi na jina lililozoeleka kwenye malipo. Usitangaze ukurasa mzima, wala nguo uliyonayo moja. Chagua posti ambayo tayari imeulizwa sana bila kulipiwa, ya nguo unayoweza kuiongeza Kariakoo kesho yake. Lengo la tangazo liwe kupata meseji za WhatsApp, eneo liwe Dar es Salaam pekee kwa mara ya kwanza, na shilingi 30,000 zigawanywe kwa siku sita za shilingi 5,000. Liendeshe katika wiki ya mwisho ya mwezi, wakati mishahara ya watumishi wengi inapoingia, na uwe na simu mkononi, kwa sababu aliyeuliza saa mbili usiku akijibiwa saa nne asubuhi ameshanunua kwingine. Angalia pia kiasi kilichokatwa kwenye kadi yako, kwani kodi na ubadilishaji wa fedha huweza kukifanya kizidi ulichokipanga.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ambayo iko wazi kwa yeyote, na uangalie matangazo ya wauza nguo wengine. Tangazo lililoanza muda mrefu na bado linaendelea huenda linamlipa mwenyewe. Jifunze linasema nini na linaonyesha nini, bila kuiba picha yake.

Siku sita zikiisha, fanya hesabu. Kama shilingi 30,000 zimeleta meseji 24 na wanunuzi sita, kila mnunuzi amekugharimu shilingi 5,000, nusu ya faida ya gauni letu la mfano. Inavumilika iwapo baadhi yao watarudi. Kama meseji ni nyingi na wanunuzi ni wawili, kasoro iko kwenye bei, majibu yako au uaminifu wa ukurasa, na kuongeza fedha hakutaiponya. Kama meseji zenyewe ni chache, badilisha picha au video kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 10: Fuata kalenda ya mteja

Nguo hununuliwa kwa majira, na muuzaji wa mtandaoni anapaswa kuyajua majira ya mahali mteja alipo. Juni hadi Agosti, wakati Dar es Salaam wanahitaji shati jepesi, Njombe, Makambako na Mbeya kuna baridi ya kweli, na masweta yaliyolala chumbani kwako yana soko huko kwa tangazo lililoelekezwa maeneo hayo tu. Kwa Idi, anza kuonyesha mabaibui na kanzu tangu wiki ya kwanza ya Ramadhani na utangaze tarehe ya mwisho ya kupokea oda za mkoani, kwa sababu kumi la mwisho mabasi hujaa na mafundi hawashikiki. Sikukuu hiyo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, hivyo usipange kwa kukumbuka mwezi wa mwaka jana. Novemba na Desemba zina mahafali, harusi na Krismasi. Januari fedha za wengi huenda kwenye ada na sare za shule, na hapo ndipo pa kupunguza matumizi ya matangazo.

Mzigo uliolala uuze kwa kuunganisha, kwa mfano dera pamoja na mtandio kwa bei moja, kuliko kushusha bei kila wiki mpaka wateja wazoee kusubiri.

Hatua ya 11: Daftari la chanzo

Kila anayenunua muulize swali moja: “Umetuona wapi?” Andika jibu lake kwenye daftari pamoja na tarehe, nguo, bei na mtaa wake. Mwisho wa mwezi hesabu wanunuzi wa kila njia na ugawanye fedha ulizotumia kwenye njia hiyo kwa idadi yao. Utashangaa, pengine, kuona saluni moja ya Sinza imeleta wengi kuliko tangazo la kulipia, au kwamba hali ya WhatsApp imeleta walionunua mara ya pili. Njia iliyokaa miezi miwili bila mnunuzi ifunge, na fedha yake uihamishie kwenye ile inayoleta wanunuzi kwa gharama ndogo. Bajeti yenyewe usiiongeze mpaka mauzo ya miezi mitatu mfululizo yaoneshe kwamba kila mnunuzi anakugharimu chini ya nusu ya faida ya nguo moja. Hapo panda kutoka 100,000 hadi 130,000, uendeshe mwezi mmoja, kisha urudi kwenye daftari kabla ya kupanda tena.